Sarafu Ndani ya Barafu

Friji lilikohoa mara mbili gizani, likatikisa vijiko vilivyokuwa juu yake, kisha likanyamaza. Sisi wa chumba kimoja hatuhitaji kubonyeza swichi ili tujue umeme umekatika. Tunalisikiliza friji kama wengine wanavyosikiliza pumzi za mgonjwa.

"Mama," mwanangu akaniita kutoka upande wa ukutani. "Sarafu?"

"Iko juu. Lala, bado hakujakucha."

"Umeiona?"

"Nimeisikia."

"Sarafu haisikiki, Mama."

Ana miaka mitano na hadanganyiki hata ukimdanganya kwa wema. Tunamwita Kijiko. Alipougua ile homa, akiwa na mwaka mmoja na nusu, hakuweza kunyonya wala kumeza, nikamlisha maji kwa kijiko siku tisa. Siku ya kumi akaninyang'anya kile kijiko akakitupa chini. Nililia kwa furaha, na jina likamganda.

Sarafu aliyoniulizia hukaa ndani ya friza yetu, kwenye kikombe cha plastiki. Unajaza maji, unayaacha yagande, halafu unaweka sarafu juu ya barafu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, barafu inayeyuka na sarafu inazama. Umeme ukirudi maji yanaganda tena, lakini sarafu inabaki huko huko chini. Bila hiyo, unarudi nyumbani unakuta friji linanguruma, nyama ni ngumu kama jiwe, unapika na kumlisha mtoto kitu kilichooza jana na kuganda leo. Marehemu mama ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akisema, "Friji lina aibu, halisemi kama lilizimika. Sarafu haina aibu."

Asubuhi hiyo ya Jumatatu nilimwacha Kijiko kwa jirani, nikaenda kazini bila wasiwasi wowote. Umeme wa mtaani ulikuwa shida ya mtaani. Kule kazini kuna jenereta.

Mimi nilikuwa mtunza friza katika maabara ya virusi. Friza sita ndefu kama makabati ya nguo, kila moja ikiwa na baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Kazi yangu ilikuwa kusoma namba mlangoni mara tatu kwa siku, kuziandika kwenye daftari la joto na kutia saini. Nilipoanza, niliweka kikombe na sarafu katika kila friza. Mkuu wa utafiti alipoviona alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake alikuja na sarafu sita mpya kutoka kwenye pochi yake. "Hizo zako zina kutu," akasema. "Mlinzi lazima awe msafi."

Wafanyakazi walimwita Mama Baridi kwa sababu hakuvua sweta, jua liwe linapasua mawe. Miaka kumi na tisa ya kuingiza mikono kwenye friza ilikuwa imemwachia mabaka meupe vidoleni. Alianza utafiti wake katika chumba kilichokuwa stoo ya karatasi, akibeba damu za watoto kwenye chupa ya chai iliyojazwa barafu, na akiulizwa na mashemeji zake ataolewa na virusi hivyo lini. Wanafunzi aliowafundisha waliondoka mmoja mmoja kwenda kwenye maabara kubwa kubwa. Yeye alibaki na swali lake moja: hii homa ya macho mekundu, kwa nini mtoto huyu anaamka siku ya kumi na yule aliyelala kitanda cha pili haamki? Kirusi ni kilekile. Aliamini jibu limo kwenye damu iliyochukuliwa siku ya tatu ya homa, kabla mwili haujashinda wala kushindwa.

Damu hiyo ilikuwa kwenye friza namba nne. Watoto mia tatu na kumi na wawili. Arobaini na mmoja kati yao hawakuamka. Kijiko alikuwa kichupa namba mia mbili na saba.

Kilichokosekana ni mashine ya kusoma vinasaba vya kirusi na vya mtoto kwa pamoja. Mama Baridi aliiombea mashine hiyo miaka minane. Ikaja. Ijumaa iliyotangulia ikazinduliwa, kwa mahema, wageni na spika mbili kubwa. Na Mkurugenzi wa maabara mwenyewe, kwa mdomo wake, alitupitia asubuhi ile akasema, "Wafanyakazi wadogo, nendeni sasa hivi, wikendi hii mpumzike. Walinzi wataangalia." Mimi nilikuwa na mtihani wa baiolojia wa masomo ya jioni siku ya Jumamosi. Nilimshukuru. Nikikumbuka jinsi nilivyoinama kumshukuru, hadi leo shingo inaniuma.

Sasa Jumatatu. Namba kwenye mlango wa friza namba nne: hasi themanini. Vizuri. Nikafungua daftari. Mistari ya tangu Ijumaa mchana hadi Jumapili ilikuwa imejazwa yote, friza zote sita, hasi themanini, hasi themanini, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja uliolala upande kama mtu aliyechoka. Safu ya saini tu ndiyo iliyoachwa wazi.

Nikafungua mlango. Moshi mweupe wa baridi ukanipiga usoni. Nikapapasa kikombe, nikakipangusa kwa glavu.

Sarafu ilikuwa chini.

Nikafunga. Nikafungua tena, kama mtu anayedhani amesoma vibaya jina kwenye orodha ya waliofeli. Chini. Nikaenda kwenye nyingine tano. Juu, juu, juu, juu, juu. Nikarudi namba nne. Chini kabisa, imelala kifudifudi, na juu yake barafu safi inayong'aa kama kioo.

Mlinzi wa getini, mzee mwenye redio isiyozimwa, aliponiona ninakuja alizima redio. Hapo nikajua.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Usiniulize."

"Nimeshakuuliza."

Alitazama barabarani kwanza. "Siku ile waliwapitisha wageni kwenye friza. Kila mmoja anataka picha na ule moshi. Mlango umekaa wazi, wazi, wazi. Hotuba ikaanza, Daktari wenu yuko kule mwisho, chumba cha mashine, na mafundi, friza nayo ikaanza kulia. Tii, tii, tii. Mkubwa akaunga maneno, friza inamjibu. Watu wakaanza kucheka chini kwa chini. Akasema, 'Jamani, nyamazisheni hicho kidude.' Yule kijana wa spika si wa kwenu, angejua nini? Akafuata waya, akachomoa. Tena akaona soketi imekuwa wazi, akachomeka spika yake."

"Halafu?"

"Halafu wakapiga makofi, wakaondoka. Jumapili asubuhi nikaona maji yanatoka chini ya mlango. Nikampigia Mkubwa. Alikuja na ndala, mwanangu. Akachomeka mwenyewe, akapiga deki mwenyewe. Hajawahi kushika fagio tangu nimjue. Akaniambia, 'Mzee, hukuona kitu.'"

"Na wewe ukasema?"

"Nina miaka miwili nistaafu," akasema, na akawasha redio.

Mashine imekuja kusoma damu, na sherehe ya mashine imeiua damu. Nilikuwa natembea kwenye ule ukumbi mrefu nikisema maneno hayo kwa sauti, mpaka mfagiaji akanipisha njia.

Mkurugenzi aliniita kabla sijafika popote. Daftari nililoliacha kwenye friza lilikuwa mezani kwake, limefunguliwa.

"Binti, karibu, kaa. Mtihani ulikuwaje?"

"Mzuri."

"Safi sana. Tunapenda watu wanaojiendeleza. Nimekuwa nikifikiria habari ya ajira yako. Mkataba wa miezi sita sita, wakati una mtoto, si haki. Tukuweke ya kudumu." Akalisogeza daftari. "Kuna saini mbili tatu umezisahau hapa."

"Sikuwepo Jumamosi, Mkurugenzi."

"Ndiyo maana tumekusaidia kujaza."

"Friza namba nne ilizimika."

Alitabasamu kama mtu anayevumilia mtoto. "Sasa hivi inasoma ngapi?"

"Hasi themanini."

"Basi. Tufunike kombe mwanaharamu apite. Kila mtu atafurahi. Daktari wako atasoma vichupa vyake, wafadhili watapata ripoti, wewe utapata kazi. Nani ameumia?"

Nataka niseme ukweli: kalamu niliishika. Nilifikiria miezi sita, na miezi sita mingine, na kila mwisho wake nikisimama mlangoni mwa ofisi hii kama mwenye kuomba maji. Kidogo tu. Kisha nikafikiria Mama Baridi akisoma damu iliyooza na kuandika kwamba amepata jibu, na daktari mmoja mahali fulani akiliamini jibu hilo, akimtibu nalo mtoto wa mtu siku ya tatu ya homa.

Nikaangalia mkononi. Haikuwa kalamu. Ilikuwa penseli nyekundu ya Kijiko, ya kuchorea, niliyoibeba mfukoni bila kujua.

Nikaandika kwa herufi kubwa kama anavyoandika yeye, juu ya mistari yao yote ya wino: FRIZA NAMBA NNE, SARAFU IMEZAMA. Nikatia saini. Nikachukua daftari langu, nikatoka.

"Binti! Binti, rudi hapa!"

Mimi si binti yake.

Mama Baridi alikuwa kwenye chumba cha mashine mpya, anapanga orodha ya vichupa vya kusomwa kwanza. Alikuwa anaimba kwa pua, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akifanya. Kikombe nilikuwa nimekipitia kwenye friza. Nilikiweka mbele yake.

Alikitazama. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akakiweka. Wimbo ulikuwa umekatika katikati.

"Namba ngapi?"

"Nne."

"Muda gani?"

"Ijumaa mchana mpaka Jumapili asubuhi."

Halafu akavua sweta. Akalikunja polepole, mikono ndani, kama mtu anayekunja nguo za marehemu, akaliweka juu ya mashine mpya. Mikono yake ilikuwa myembamba kuliko nilivyodhani.

"Twende, Mama Kijiko," akasema. "Chukua kikombe."

Hakubisha hodi. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, akaikata.

"Daktari, nilikuwa nakuja kwako. Tumepata tatizo dogo la kiufundi. Huyu hapa aliacha mlango wazi Ijumaa."

Sikujua kwamba nina sauti kama ile. "Mimi? Mimi niliacha mlango wazi? Wewe uliyepiga picha na moshi? Humo ndani kuna damu ya mwanangu! Nilimshika miguu mwenyewe ikichukuliwa, anaungua moto, anaita mama na mama yake ndiye anayemshika! Na wewe umeizima ili usikike vizuri!"

"Mheshimu mkubwa wako, dada."

"Muache," Mama Baridi akasema. "Anazungumza vizuri kuliko wewe Ijumaa."

"Daktari, tuwe watu wazima. Si zimeganda tena? Barafu ni barafu."

"Mkate ukiungua ukawa majivu, ukiyafinyanga majivu unapata mkate?"

"Unakuza mambo. Jaribu kusoma vichache. Utapata chochote."

"Hilo ndilo linalonitisha. Nitapata chochote." Aliweka viganja mezani, vile vidole vyenye mabaka. "Miaka kumi na tisa nimekuja hapa. Nimezikwa na baridi nikiwa hai. Sijakuomba gari, sijakuomba jina langu ukutani. Nilikuomba kitu kimoja, kwa barua saba: soketi ile iandikwe ISIGUSWE. Ulinijibu kwamba maandishi yanaharibu rangi ya ukuta."

Mkurugenzi alishusha sauti. "Ukiandika kwamba sampuli zimeharibika, wafadhili watachukua mashine."

"Waichukue. Hapa itasoma nini? Hotuba yako?"

Jioni ile ile aliandika barua kwa kila aliyehusika, nchi kwa nchi. Alieleza saa, soketi, spika na ndala. Hakuongeza chumvi. Akaambatanisha picha ya ukurasa wa daftari wenye penseli nyekundu.

Kama mnangoja niseme Mkurugenzi alifukuzwa, msingoje. Yupo. Waliunda kamati, kamati ikanywa chai, ikasema ilikuwa ajali. Mama Baridi aliondolewa ukuu wa utafiti kwa kosa la kukosa ushirikiano. Mimi nikapata karatasi ya mistari miwili: mkataba wangu ukiisha hautaongezwa. Hata hawakutaja kosa. Nimesoma masomo ya jioni miaka mitatu ili niweze kusoma karatasi kama ile bila kuuliza mtu, na nilipoisoma nilitaka kuila.

"Umemaliza kukasirika?" Mama Baridi akaniuliza, siku nilipokuwa nafungasha vikombe vyangu.

"Bado."

"Vizuri. Usimalize. Tunaanza upya, na nitahitaji mtu mwenye hasira."

Kirusi cha siku ya tatu kimepotea, alinieleza, lakini watoto walioamka bado wanatembea na askari wao ndani ya damu, wale waliopigana wakashinda. Kingamwili. Tukiwapata tena mia mbili na sabini na mmoja, tutapata nusu ya swali. "Nusu ya swali ni mwanzo," akasema. "Mimi nilianza na robo." Maabara moja ya mbali, ya mwanafunzi wake wa zamani, ilikubali kusoma. Zahanati ya mtaani kwetu ikatupa baraza na friza moja ndogo, kuukuu, inayokohoa kama ya kwangu.

Lakini kwanza, alisema, tuende kwa wale arobaini na mmoja. Nilimwambia hao hawana damu ya kutupatia. "Ndiyo maana tunaanza nao," akajibu. "Maji yamemwagika. Mwenye maji aambiwe."

Tulitembea wiki tatu. Wengine walilia, wengine walitukaribisha chai, baba mmoja alitufukuza na kiatu. Ninayemkumbuka ni Mama Mboga. Meza yake iko kona ya mtaa wangu. Nilikuwa nanunua mchicha kwake kila siku, na kila siku alimtazama Kijiko kidogo zaidi ya kawaida. Mwanawe alilala kitanda cha pili kutoka kwetu.

Mama Baridi alimweleza yote akiwa amesimama juani. Mama Mboga alikuwa ananyunyizia mboga maji kwa mkono. Hakuacha.

"Mlikuja wodini," akasema mwishoni, "mkaniambia, mama, tupe damu kidogo, hata akiondoka atawasaidia wenzake. Nikawapa. Kila nikiona mtoto anakimbia hapa, nasema, labda huyu atasaidiwa na wangu. Miaka minne nimekuwa nikiishi kwa hilo. Na mtu akaja akachomoa waya."

"Ndiyo," Mama Baridi akasema.

"Ili watu wasikie hotuba."

"Ndiyo."

"Ilikuwa inasema nini hiyo hotuba?"

Tulitazamana. Mimi sikuwepo, na Mama Baridi, aliyeisikia kwa mbali, hakukumbuka hata neno.

"Ondokeni mbele ya meza yangu," akasema, na maji yakaturukia miguuni. "Nendeni!"

Tukaenda.

Siku ya kwanza ya kuchukua damu walikuja watoto kumi na wanne. Nilikuwa nimefika mapema, nikasafisha ile friza, nikaweka kikombe cha maji yaliyoganda, na Kijiko mwenyewe akaweka sarafu juu yake, kwa vidole viwili, kana kwamba anamlaza ndege. Mama Baridi alikuwa amevaa sweta lake. Kinamama walikaa kwenye benchi, wanataniana, wanatishana habari za sindano. "Mwanangu huyu hapigi kelele," mmoja alisema, "kelele napiga mimi."

Ndipo nikamwona Mama Mboga anapanda ngazi za baraza. Hakuja na mtoto, hana mwingine. Hakusalimia mtu. Alipita katikati ya foleni, akatafuta ukuta, akafuata waya wa friza kwa macho mpaka kwenye soketi, akageuza ndoo yake tupu kichwa chini, akaikalia hapo pembeni.

"Dada," nikamwambia kwa woga, "karibu. Umekuja..."

"Nimekuja kuangalia plagi," akasema. "Fanyeni kazi yenu."

Alikaa hapo mpaka mchana, amekunja mikono. Mtu wa zahanati alipokuja na simu akitafuta mahali pa kuchaji, alimtazama tu. Yule mtu akaenda kuchaji kwingine.

Namba mia mbili na saba iliitwa. Nilimpakata Kijiko, nikamkunjua mkono wa kulia, na moyo wangu ukarudi wodini, kwenye ule moto, kwenye kile kijiko. Nilitaka kuinuka niondoke naye. Mama Baridi aliinama na sindano, akangoja. Hakunihimiza. Mama Mboga naye alikuwa anatutazama kutoka kwenye ndoo yake, anamtazama Kijiko, safari hii bila kujificha.

Mwanangu aliuvuta mkono wa kulia, akauficha nyuma ya mgongo wangu, akanyoosha wa kushoto mpaka kiwiko kikanyooka, akasema kwa sauti iliyosikika baraza zima:

"Nichome huu, ule mwingine nachorea."